Shehena ya Pamoja Kwenda Boulogne: Tathmini ya Huduma ya Kusafirisha Kamba Chini ya Mkataba wa Brexit

Huduma ninayoitathmini ni ya kampuni ya uchukuzi iliyoko katikati mwa Uskoti, ambayo hukusanya mazao ya bahari kutoka kwa wauzaji wadogo, huyapakia pamoja katika lori moja la ubaridi, huyaandalia hati zote za forodha na za afya, kisha huyafikisha Boulogne-sur-Mer, kaskazini mwa Ufaransa, ambako wanunuzi huyapokea. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mengi nitakayoyalalamikia yanazikuta kampuni zote zinazofanya kazi hii, na yaliyobaki bado tunayajadili kati yetu. Bidhaa yangu ni langoustine, wale kamba wa rangi ya chungwa wenye makucha marefu na membamba ambao mashua ndogo za pwani ya magharibi huwavua kwa madema, na ambao wateja wa Ufaransa na Hispania huwataka wakiwa hai.

Uamuzi wangu nautoa mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma hadi mwisho. Kazi ya mikono ya kampuni hii ni nzuri sana, kazi yake ya makaratasi inaridhisha, mawasiliano yake ni dhaifu, na gharama yake ni nzito kwa mtu anayepeleka masanduku machache. Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko zote haimo katika ghala lake wala katika malori yake, bali imo katika mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, ambao huduma nzima imejengwa juu yake, na ndiyo maana siwezi kuitathmini kampuni bila kuutathmini mkataba wenyewe.

Uingereza ilitoka rasmi katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, ikaendelea kufuata kanuni za soko la pamoja hadi mwisho wa mwaka huo. Mkataba wa Biashara na Ushirikiano ulifikiwa mkesha wa Krismasi na kuanza kutumika kwa muda tarehe 1 Januari 2021, yaani wafanyabiashara walipewa siku nane, nyingi zikiwa za sikukuu, kuelewa maandishi yenye kurasa zaidi ya 1,200. Kwa upande wa ushuru, mkataba ulitimiza ulichoahidi: bidhaa inayokidhi masharti ya asili yake haitozwi ushuru wala haiwekewi kikomo cha kiasi, wakati bila makubaliano hayo baadhi ya samaki waliosindikwa wangetozwa zaidi ya asilimia 20. Lakini ushuru na mpaka ni mambo mawili tofauti. Kwa macho ya sheria za Ulaya, Uingereza iligeuka kuwa nchi ya nje kama nyingine yoyote, na mazao ya bahari yanayotoka nchi ya nje huingia kwa vyeti, kupitia vituo maalumu vya ukaguzi, mbele ya maofisa wenye mamlaka ya kuyarudisha au kuyateketeza.

Hapo ndipo kampuni hii inapopata riziki yake. Kwa kila shehena inatakiwa cheti cha uvuvi kinachoeleza ni chombo gani kilivua, katika eneo gani na kwa kiasi gani. Cheti cha afya kilichotiwa saini na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa au ofisa wa afya wa halmashauri. Tamko la forodha la kutoka Uingereza na jingine la kuingia Ulaya. Pamoja na taarifa ya awali katika mfumo wa Ulaya uitwao TRACES, ili kituo cha mpakani kijue kitu gani kinakuja kabla lori halijafika. Mimi hupeleka kamba na orodha ya mashua zilizowavua, na kampuni hufanya yaliyobaki. Kwa mtu ambaye kabla ya 2021 alihitaji karatasi ya mauzo na namba ya simu ya dereva tu, kukabidhi mzigo huo wa hati kwa wanaoujua ni nafuu ya kweli, na sitaidharau.

Nieleze kidogo kazi yao ya ghalani, maana ndiyo inayonifanya nibaki nao. Kamba wangu hufika wakiwa ndani ya masanduku yenye vijumba vyembamba, kila kamba katika kijumba chake akiwa amesimama, mkia chini, ili wasikatane kwa makucha na ili miili yao ikae na unyevu hadi mwisho wa safari. Wafanyakazi hawarushi masanduku, hawayapangi karibu na feni ya ubaridi inayokausha, na wakikuta sanduku lina kamba waliolegea hulitenga kabla halijafika mezani kwa mkaguzi. Mezani hapo nimeshuhudia ofisa akilifungua sanduku, akipima joto, kisha akilinganisha neno kwa neno kilichoandikwa kwenye lebo na kilichoandikwa kwenye cheti: jina la kisayansi Nephrops norvegicus, uzito, idadi ya masanduku, namba ya kituo cha upakiaji. Cheti huandaliwa kwa Kifaransa pia, kwa kuwa kituo cha ukaguzi kiko Ufaransa, na mhuri pamoja na saini lazima viwe vya rangi tofauti na maandishi yaliyochapishwa, hivyo kalamu nyeusi haikaribii meza ile. Neno likikatwa na kusahihishwa kwa mkono, sahihisho nalo hutiwa saini na mhuri. Kampuni imemweka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma kila karatasi upya kabla ofisa hajaigusa, na naamini mshahara wa mtu huyo ndio pesa inayotumika vizuri kuliko zote katika jengo lile.

Tatizo huanza masanduku yangu yanapoingia katika lori moja na ya wenzangu. Lori la shehena ya pamoja linaweza kubeba kaa wa huyu, kamba wa yule, samoni kidogo wa mwingine na skalopi (jamii ya chaza) wa wa nne, na kila mmoja ana vyeti vyake vyenye uwezekano wake wa kukosewa. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote huoza. Katika biashara hii mpya wote wanaweza kuwa wazima kabisa na karatasi moja ikawaozesha. Namba moja ya cheti ikikosewa, ofisa wa mpakani hana njia ya kuliachia lori liendelee huku akizuia sanduku moja lililo katikati ya rundo, hivyo lori zima husimama. Mfugaji mkubwa wa samoni hapitii adha hiyo, kwa sababu lori lake limejaa bidhaa ya aina moja, ya mwenye mali mmoja, kwa seti moja ya vyeti. Mkataba ni uleule na barabara ni ileile, lakini huduma wanayoipata watu hawa wawili haifanani hata kidogo.

Udhaifu huu ulijitokeza katika wiki za kwanza kabisa. Januari 2021 huduma za shehena ya pamoja kutoka Uskoti zilisimamishwa kwa muda kwa sababu hati hazikuwa zikikamilika, mashua nyingi za kamba na kaa zikabaki bandarini kwa kukosa mnunuzi, na tarehe 18 ya mwezi huo malori ya wauzaji wa mazao ya bahari yalipelekwa hadi Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali jijini London, kupinga hali hiyo. Serikali ilitangaza mfuko wa fidia wa pauni milioni 23. Siku chache kabla ya maandamano hayo Jacob Rees-Mogg, aliyekuwa akisimamia shughuli za serikali katika Bunge la Wawakilishi, alikuwa amewaambia wabunge kwamba samaki sasa ni wa Kiingereza na kwamba wamekuwa na furaha zaidi kwa sababu hiyo. Kamba wangu, wawe wa Kiskoti au wa Kiingereza, walikuwa wamekaa kwenye matangi wakisubiri daktari wa mifugo.

Kwa haki, hali ya sasa si ile. Maofisa wa pande zote mbili wamejifunza, na makosa ya kitoto ya miezi ile yamekuwa nadra. Kilichobaki ni muda. Zamani kamba walioteremshwa mashua mchana katika pwani ya Uskoti waliweza kuwa sokoni Boulogne alfajiri iliyofuata. Siku hizi ukusanyaji lazima ukamilike mapema ili hati ziandikwe, ukaguzi wa ghalani una ratiba yake na wa mpakani una yake, na kwa kawaida mauzo husogea kwa siku moja nzima. Kwa samaki wa kugandisha siku moja haina uzito. Kwa kamba hai ni tofauti kubwa, kwani anayefika akiwa hai lakini amechoka, asiyekunja mkia unapomshika, hununuliwa kwa bei ya chini, na mnunuzi wa Ufaransa hahitaji maelezo kuhusu mkataba ili apunguze bei hiyo.

Katika ucheleweshaji huu ndipo ninapoilaumu kampuni yenyewe. Lori likizuiliwa, taarifa hunifikia kwa kuchelewa, na imewahi kutokea nikaambiwa na mnunuzi aliyekuwa akisubiri bidhaa kabla sijasikia neno kutoka kwa niliyemlipa kuipeleka. Masharti ya huduma nayo yanasema kampuni itafidia hasara iliyotokana na uzembe wake tu, huku ucheleweshaji unaosababishwa na mamlaka za mpakani, hata kama chanzo chake ni karatasi ya mteja mwingine aliyepakiwa pamoja nami, ukihesabiwa kuwa nje ya uwezo wake. Nimejaribu kuwaeleza kwamba uamuzi wa nani apakiwe pamoja na nani ni wao peke yao wanaoufanya, na kwamba mteja anayekosea mara kwa mara angeweza kupangiwa lori la baadaye. Wananisikiliza kwa adabu.

Kuhusu gharama, jambo la kuelewa ni kwamba cheti hakiangalii uzito. Karatasi inayoruhusu masanduku machache ya kamba huchukua muda uleule wa ofisa na wa wakala wa forodha kama inayoruhusu lori zima la samoni, hivyo gharama kwa kilo humwelemea mdogo. Shehena ya pamoja inapunguza bei ya kiti katika lori, lakini haipunguzi bei ya hati. Kampuni hunitoza ada ya cheti, ada ya forodha, ada ya taarifa ya awali na nauli kwa mistari tofauti kwenye ankara, na uwazi huo ninaupenda. Kinachoniudhi ni kwamba mstari wa nauli, ambao ndio niliozoea kuujadili nao, si tena ulio mkubwa kuliko yote.

Wanaouza chaza na kome waisome aya hii kwa makini zaidi kuliko nyingine. Ulaya haipokei kutoka nchi ya nje chaza, kome na jamii yao walio hai waliotoka katika maji ya daraja la B, yaani maji yasiyofikia usafi wa daraja la A, isipokuwa wawe wameshasafishwa katika matangi kabla ya kuondoka. Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja, kome wa Wales waliweza kwenda kusafishwa hukohuko Ulaya, na wafugaji wengi hawakuwa na matangi ya kutosha kwa sababu hawakuyahitaji. Msimamo huo wa Umoja wa Ulaya ulipothibitishwa Februari 2021, biashara ya baadhi yao ilifungika kwa siku moja. Kampuni ninayoitumia haiwapokei kabisa bila uthibitisho wa usafishaji, na wala siwalaumu kwa hilo, ila tangazo lao linalosema wanasafirisha mazao yote ya bahari lingepaswa kuwa na maelezo chini yake.

Kuna pia mtego wa asili ya bidhaa, ambao kwangu ni wa kusikia tu, lakini wateja wengine wa ghala lile unawahusu. Samaki aliyevuliwa na meli ya Norwe au ya Iceland, akaja katika bandari ya Grimsby, Uingereza, akachunwa na kukatwa minofu, haongezewi uraia kwa kisu. Masharti yanataka samaki wa namna hiyo awe amevuliwa na vyombo vya Uingereza au vya Umoja wa Ulaya ili apite bila ushuru, hivyo minofu ya chewa wa Norwe iliyotengenezwa Uingereza hutozwa ikivuka kwenda Ulaya. Kampuni hufahamisha wateja wake jambo hili tangu siku ya kuandikishwa, jambo ambalo nimeambiwa si kampuni zote hulifanya.

Msomaji anaweza kuuliza kama basi mkataba haukumletea mvuvi samaki zaidi wa kufidia usumbufu huu. Ulileta, ila kwa wengine. Ulipanga kwamba asilimia 25 ya thamani ya mgao ambao vyombo vya Ulaya vilikuwa vikiuvua katika maji ya Uingereza ihamie Uingereza hatua kwa hatua, asilimia 15 katika mwaka wa kwanza na iliyobaki kidogo kidogo hadi 2025. Sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa katika samaki wanaovuliwa kwa wingi na meli kubwa chache, hasa makareli, na ndiyo maana wavuvi wa Killybegs nchini Ireland, waliopoteza upande wa pili, walilalamika kuliko karibu kila mtu. Langoustine wa maji ya Uskoti kwa sehemu kubwa walikuwa tayari katika mgao wa Uingereza. Mashua ninazonunua kwazo hazikuongezewa dema hata moja, lakini zote ziliongezewa karatasi. Na kwa kuwa tulio wengi tunavua kile ambacho majirani wanakula na kula kile ambacho majirani wanavua, kinyang'anyiro cha nani avue wapi kilipata vichwa vya habari vingi kuliko swali la nani atamuuzia nani.

Njia mbadala zipo na nimezipima. Ya kwanza ni malori yenye matangi ya maji ya bahari, ambayo hubeba kaa na kambakochi hai moja kwa moja hadi Ufaransa na Hispania. Aina za bidhaa zake ni chache na vyeti vyake ni vichache, kwa hiyo huzuiliwa mara chache, ila husubiri hadi matangi yajae, na kamba wangu hawafai kusubiri. Ya pili ni kumuuzia msafirishaji mkubwa aliye palepale bandarini, akachanganya kamba wangu na wa kwake kwa jina lake na cheti chake. Usumbufu wote huisha, na sehemu nzuri ya faida huisha nao. Wavuvi kadhaa ninaowajua wamechagua hivyo, na kila anayechagua hivyo humwacha mnunuzi mkubwa akiwa na nguvu zaidi ya kupanga bei bandarini. Ningekuwa na familia changa na mkopo wa mashua, huenda nami ningefanya vilevile.

Kwa nani basi ninaipendekeza huduma hii? Kwa muuzaji wa samaki wa barafu au waliogandishwa, aliye na masanduku ya kutosha kuzigawa ada za hati, ni chaguo zuri, na asiogope sifa mbaya ya mwanzo wa 2021. Kwa muuzaji wa kamba hai, inafaa kama mnunuzi wake wa Ufaransa ni mtu wanayeelewana, anayekubali kupokea Jumatano kilichotarajiwa Jumanne. Kwa anayeanza na masanduku machache kwa wiki, nisingeipendekeza, hesabu haitatoka.

Huenda mambo yakabadilika. Katika mkutano wa London wa tarehe 19 Mei 2025, Uingereza na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kufanya mazungumzo ya makubaliano ya afya ya wanyama na mimea yatakayoondoa sehemu kubwa ya vyeti na ukaguzi, na siku hiyohiyo Uingereza ilikubali vyombo vya Ulaya viendelee kuvua katika maji yake hadi tarehe 30 Juni 2038, miaka 12 zaidi ya kikomo cha awali. Vyama vya wavuvi vilikasirika, hasa Uskoti, na naelewa kwa nini: aliyeahidiwa bahari yote anaona amelipia cheti cha mtu mwingine. Wasindikaji na wasafirishaji wengi walifurahi. Mimi ninayesimama kati ya mashua na lori sina budi kusema kwamba kuondolewa kwa cheti cha afya kungenisaidia kuliko mgao wowote uliowahi kutangazwa.

Lakini wanaodhani ghala la makaratasi litafungwa wasiharakishe. Cheti cha uvuvi kinatokana na sheria ya Ulaya dhidi ya uvuvi haramu, si sheria ya afya, na matamko ya forodha yanatokana na Uingereza kuwa nje ya umoja wa forodha. Makubaliano ya afya peke yake hayaondoi kimojawapo. Tena tangu tarehe 10 Januari 2026 waagizaji wa Ulaya wanatakiwa kuviingiza vyeti vya uvuvi katika mfumo wa kidijitali uitwao CATCH, hivyo kosa ambalo zamani lilimtegemea ofisa kuliona sasa linaweza kuonwa na kompyuta. Kampuni ilijiandaa mapema kwa mabadiliko haya, ikawaita wateja wake kuwaonyesha namna ya kuandika taarifa za mashua, na kwa hilo nawapa alama zote.

Serikali ya Uingereza imesema inalenga makubaliano mapya ya afya yaanze kufanya kazi mwaka 2027. Mkataba wangu na kampuni hii unafaa kuhuishwa kabla ya wakati huo, na nimeomba iandikwe wazi kwamba ada ya cheti cha afya itaondolewa kwenye ankara siku ileile cheti chenyewe kitakapoondolewa mpakani. Wamenijibu kwamba suala hilo liko kwa mwanasheria wao.